Kaka Yangu Aliyezuiwa Kushtaki

Kaka yangu aliwahi kulishtaki gereza kwa sababu ya kastadi. Naanza na hilo makusudi, asije mtu akadhani nimekaa hapa kumpamba ndugu yangu. Kastadi, ule mchuzi wa njano wa maziwa na sukari ambao Waingereza wanaumwagia keki. Yeye ana kisukari. Iliandikwa asipewe, wakampa. Akairudisha, kesho yake wakampa tena. Basi bwana yule akachukua kalamu akaandika mahakamani. Jaji akaitupilia mbali kesi ile, na mimi nilipopata habari, nikiwa jikoni kwangu Sparkhill, hapa Birmingham, nakuna nazi, nikasema afadhali, mahakamani kuna watu wana akili zao. Lakini huyo huyo wa kastadi leo namvulia kofia, na nataka kusema kwa nini.

Sisi ni watu wa Tanga, tumbo moja, yeye kifungua mimba na mimi kitinda mimba. Yeye ndiye aliyetangulia Birmingham, akaendesha teksi miaka mingi, akanivuta na mimi. Nilipofika na kikoti cha mtumba kisichofaa kitu kwa baridi ya huku, alinivulia koti lake pale pale uwanja wa ndege, akatembea na shati hadi kwenye gari huku anatetemeka na kuniambia hasikii baridi. Mtu wa namna hiyo. Kisha jioni moja akagombana na dereva mwenzake kwa ajili ya nafasi ya kuegesha gari, maneno yakazidi, akampiga kwa spana ya magurudumu. Yule mtu alipona, lakini mkono wake wa kulia haujarudi kuwa mkono.

Kaka hajalikana hilo hata siku moja. Wakili wake alitaka aseme alikuwa anajitetea, akakataa katakata. "Nimempiga mimi," akasema, "na kifungo nitakula mimi." Akahukumiwa miaka mingi, nami nikaanza maisha ya kwenda gerezani kila nilipopata nafasi kazini. Kazi yangu ni ya kupanga mizigo katika ghala moja la Washwood Heath, kazi ya kusimama kutwa, na siku ya mapumziko badala ya kunyoosha miguu ninapanda mabasi mawili kwenda kumwona. Sijutii, lakini miguu inajua.

Ugonjwa wa kesi ulimwingia kwa kushinda. Walipomtoa gereza la mbali kumleta hili la hapa mjini, sanduku lake la vitu likapotea njiani: picha za nyumbani, viatu, na kofia ya viua aliyoshonewa kwa mkono na marehemu mama yetu. Akauliza, akaambiwa asubiri. Akasubiri weee, mpaka akachoka. Wakili hakumpata, mawakili wanaoshughulika na mambo ya wafungwa ni wachache, na hao wachache hawana muda na kofia. Basi akaenda maktaba ya gereza, akakaa na kitabu cha sheria mkono huu na kamusi mkono huu, akaandika kesi mwenyewe. Akashinda! Sanduku halikuonekana tena, lakini jaji aliandika kwamba gereza limekosea. Nilipiga kigelegele kwenye simu, jirani akadhani timu ya Aston imefunga goli.

Lo, kumbe nashangilia balaa. Tangu siku ile kaka akaona dunia nzima ni kesi. Alishtaki bomba linalovuja juu ya kitanda chake. Alishtaki redio yake kuchukuliwa. Alishtaki kuitwa kwa namba na askari mmoja aliyekuwa analijua jina lake vizuri sana. Akishindwa hii, anafungua ile. Nikimwambia, "Kaka, pumzika," ananijibu kwa upole, "Mdogo wangu, humu ndani mtu akinyamaza anasahauliwa." Wafungwa wenzake wakawa wanampelekea makaratasi yao awasomee, na yeye anawasomea wote, hata wale waliomcheka. Hakumtoza mtu hata sigara. Hilo nililisikia kwa mke wa mfungwa mmoja tuliyekuwa tukisimama naye foleni ya kupekuliwa, maana kaka mwenyewe hajisifu.

Mwishowe mahakama ikachoka naye. Ikatolewa amri kwamba kwa muda wa miaka kadhaa asifungue kesi yoyote, ya kitu chochote, bila kupata kwanza ruhusa ya jaji. Na kabla ya kuomba hiyo ruhusa, awapelekee wale anaotaka kuwashtaki wasome na wajibu. Jaji asome makaratasi ya pande zote mbili peke yake, amalize. Hakuna kusimama mahakamani, hakuna kusikilizwa. Wanaiweka amri ya namna hiyo kwa watu wanaofungua kesi zisizo na kichwa wala miguu mara kwa mara, na nikisema kweli, naelewa kwa nini. Mahakama zimejaa. Mtu wa kastadi anapochukua nafasi, kuna mtu mwenye haja ya kweli anayesubiri.

Aliponipigia kunieleza, sauti yake ilikuwa ndogo. Hakufoka. Kaka yangu asipofoka mimi ndipo ninapoogopa. "Nimefungwa mwili," akasema, "sasa wamenifunga na mdomo." Nikamtania kidogo, nikamwambia atapata muda wa kulala. Hakucheka. Akasema, "Na sasa hivi ndiyo nina neno la kweli la kusema."

Neno lenyewe lilikuwa macho yake. Kisukari kilikuwa kimeanza kuyala. Daktari wa macho wa hospitali alikuwa amemwona mara moja, akasema damu inavuja nyuma ya jicho, atibiwe haraka, akichelewa atapofuka, na jicho lililokufa halifufuki. Akapangiwa siku ya kurudi. Siku ikafika, safari ikafutwa, hakuna askari wa kumsindikiza. Ikapangwa nyingine, ikafutwa. Mfungwa hawezi kwenda hospitali kwa miguu yake. Lazima askari, lazima pingu, lazima gari, na gerezani kwao askari walikuwa wachache kila siku. Hakuna aliyemwambia hapana. Kila mtu alimwambia wiki ijayo, na macho yakaendelea kuondoka.

Nilikwenda kumwona nikiwa na hasira za njia nzima. Katika ukumbi wa wageni wafungwa hukaa kwenye meza, wamevalishwa kizibao cha rangi ili wajulikane, na sisi tunaingia mmoja mmoja baada ya kupekuliwa. Mbele yangu alikuwa ameingia mama mmoja Msomali, mnene kuliko mimi, mrefu kuliko mimi, kavaa ushungi mweusi kama wangu. Kaka akainuka, akamtandazia mikono yule mama, akamwambia kwa furaha, "Karibu mdogo wangu, karibu!" Yule mama akasimama hajui afanye nini. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua chache tu. Nikasema, "Shikamoo kaka, mimi huku." Akageuza uso kuifuata sauti, akacheka, akasema, "Marahaba, marahaba, taa za humu mbovu." Taa zilikuwa nzuri. Niliketi, nikashika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Unaona kiasi gani?" nikamwuliza.

"La kushoto halioni kitu. La kulia linaona ukungu, na ndani ya ukungu kuna buibui."

"Na wanasemaje?"

"Wiki ijayo," akasema.

Nikamwambia nimetafuta wakili. Nilikuwa nimepiga simu mpaka sikio likawaka moto. Mmoja hakufanya kesi za magereza, mwingine alikuwa amejaa, na dada mmoja mwenye sauti nzuri, aliposikia neno amri ya kuzuiwa, akaniambia pole sana, akanitakia kila la heri. Kaka akatikisa kichwa. Alikuwa anajua. Akasema ataomba ile ruhusa mwenyewe, lakini moyo umemwingia ubaridi, kwa sababu anaona jaji aliyemzuia alimwonea, na yeye kaka hajaelewa kwa nini.

"Nimewasifu askari, mdogo wangu," akasema. "Nimewasifu katika kila kesi! Hata jaji mwenyewe amezitaja sifa zangu kwenye amri yake." Na kwa kuwa hawezi tena kusoma vizuri, akanitajia maneno ya jaji kwa kichwa, neno kwa neno, kama mtoto wa chuoni anavyosoma sura aliyohifadhi. Kwamba katika kesi ya bomba, mlalamikaji mwenyewe anakiri ametendewa wema na askari. Kwamba katika kesi ya redio, mlalamikaji mwenyewe anasema hana kinyongo na yeyote. Kwamba katika kesi ya namba, mlalamikaji mwenyewe anaeleza kuwa gereza limempokea vizuri.

Nikaweka kikombe chini. "Kaka, hebu niambie ile ya bomba uliiandikaje. Tangu mwanzo."

Akaniambia, na kwa fahari. Kwanza alimwamkia jaji, akamtakia afya njema yeye na jamaa zake wote. Akaomba radhi kwa kumchukulia muda. Akaeleza kwamba yeye ni mgeni katika nchi hii na nchi imempokea. Akasema askari wa gereza ni waungwana, wamemfanyia wema mwingi, wala yeye hana ubaya na mtu. Halafu huko mwisho, baada ya kurasa na kurasa, akagusia kwamba kuna kijibomba kinachotoa majimaji kidogo.

Majimaji kidogo! Mtu wa Tanga akikwambia majimaji kidogo, jua kitanda kinaelea. Ndivyo tulivyolelewa. Huendi kwa mkubwa ukamtupia shida yako usoni kama mtu anayemwaga maji machafu. Unabisha, unaamkia, unauliza hali, unamsifu hata yule unayekwenda kumshtaki, tena huyo unamsifu zaidi, ili mkubwa ajue hukuletwa na chuki. Na mkubwa wa kwetu, akisikia sifa zimekuwa nyingi, anakaa sawa, anajua sasa linakuja jambo zito. Baba yetu alikuwa akisikia mtu anaanza kumsifu sana jirani yake, anaomba aletewe kiti kabisa. Kaka alikuwa amekwenda mahakama ya Kiingereza na adabu hiyo hiyo, Kiingereza chake kimevaa kanzu na kofia, na jaji wa watu akasoma kilichoandikwa. Mtu anasema ametendewa wema. Basi kesi ya nini?

"Kaka!" nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Huku ukisema hivyo wanakuamini!"

"Sasa niwasingizie kwamba hawajanifanyia jema lolote?"

"Usiwasingizie! Usiwataje! Sema jicho!"

"Nimvamie mtu mzima, jaji, bila hata kumwamkia?"

"Mvamie!"

Askari wa pale mlangoni akatutazama. Nikamtabasamia, nikashusha sauti, nikamwambia kaka yangu maneno ambayo sikuwahi kumwambia tangu tuzaliwe. Nilimwambia adabu yake inamtoa macho. Nilimwambia yule jaji hana haja na salamu zetu, hana habari na jamaa zetu, ana rundo la makaratasi na kikombe cha chai kinachopoa, na atasoma mistari ya juu tu. Nilimwambia akipofuka kwa sababu ya shikamoo sitamsamehe. Mtu aliyenivulia koti!

Mikono yake ilikuwa inapapasa kingo za meza. Nikadhani nimemvunjia heshima na hatazungumza nami tena. Kisha akasema, taratibu, "Sawa. Nitaanza na jicho. Lakini shukrani iliyo ya kweli siiondoi."

"Ipi tena?"

"Ya nesi."

Nesi huyo alikuwa Mkenya aliyefanya kazi zahanati ya gereza. Yeye na kaka walikuwa wakiamkiana kwa Kiswahili, kila mmoja anakicheka cha mwenzake. Kila safari ya hospitali ilipofutwa, yeye ndiye aliyepiga simu kuomba nyingine, na ndiye aliyewaambia wakubwa wake waziwazi kwamba mfungwa huyu atapofuka mikononi mwenu. Kaka alitaka amshukuru kwa hilo mbele ya jaji. Mimi nikasema asithubutu. Nikamwambia atamponza dada wa watu, anafanya kazi pale pale, ana watoto pengine, ana bosi. Hapo ndipo muda wa wageni ulipokwisha, na tukaachana hatujakubaliana. Nilirudi nyumbani nimechoka, nikagombana na dereva wa basi kwa jambo ambalo hata silikumbuki.

Aliponipigia tena, aliniambia amemwuliza nesi mwenyewe. Hakutaka kulitaja jina la mtu bila idhini yake. Na nesi, huku anamfunga kifaa cha kupima presha, akamjibu, "Wewe andika tu, mzee. Si ni ukweli? Mimi nitaurudia mbele ya yeyote." Nilipenda jibu hilo mpaka nikakaa kitako kwenye ngazi. Watu wa aina hiyo wapo, na huwezi kuwajua mpaka siku unapowahitaji.

Akaandika. Jinsi alivyoandika nimehadithiwa, sikuona, na bado picha yake haiondoki kichwani mwangu. Alipata kalamu nene ya wino mweusi, akaandika herufi kubwa kama ndimu, ukurasa mzima unaingia maneno machache tu. Alikaa dirishani mchana, maana mwanga wa taa ulikuwa haumtoshi tena. Mstari ukipanda juu ya mwingine, aliutupa ukurasa akaanza upya. Wale waliokuwa wakimletea makaratasi yao wakataka wamwandikie, akawashukuru, akakataa. Alisema jaji lazima ayaone macho yake kwa namna anavyoandika. Ujanja huo sikuufikiria mimi, wala wakili yeyote asingeufikiria.

Alinisomea mwanzo wake kwenye simu, kwa Kiswahili kwanza. "Mheshimiwa Jaji, napofuka, na dawa ipo." Basi. Hakuna hodi, hakuna hali ya jamaa. Nilimwomba arudie, na aliporudia nikaziba mdomo kwa ncha ya ushungi. Najua kilichomgharimu. Ni mtu ambaye hata akiungua moto angemwambia kwanza jirani habari za asubuhi.

Baada ya hapo akataja safari zilizofutwa. Kisha akafika pale ambapo mtu aliyezuiwa hutakiwa kueleza kesi zake za nyuma, na hapo ndipo watu wengi, nadhani, hujitetea au huruka mstari. Yeye aliandika hivi: "Ya bomba nilikuwa na haki, lakini sikuieleza. Ya redio sikuwa na haki. Ya kastadi nilikuwa na hasira." Akaacha hapo. Akafuata kumshukuru nesi, kwa jina na kwa kazi yake, na kueleza alichokisema kwa wakubwa wake. Salamu za jaji na jamaa zake akazipeleka mwisho kabisa, chini ya sahihi. Hizo alisema haziondoki hata wamfunge upya, na mimi nikaona nimeshinda vya kutosha, nikanyamaza.

Gereza likajibu, kama amri inavyotaka. Majibu yalikuwa mafupi: safari zilipangwa upya kutokana na upungufu wa askari, na mwombaji ni mtu aliyezoea kufungua kesi. Nilipoambiwa hilo nilivua viatu vya kazini nikavitupa ukutani, kimoja kimoja. Aliyezoea kufungua kesi! Kwa hiyo mtu akizoea kulia, siku anayoungua asisikilizwe? Kaka ndiye aliyenituliza, yeye aliye ndani, mimi niliye nje. Alisema, "Angalia hawakusema nini. Hawakusema nesi anadanganya."

Tukasubiri. Huko ghalani nilikuwa nabandika karatasi za anwani juu ya maboksi, na kila boksi lililopita mbele yangu nilikuwa nahesabu kwamba muda umekwenda na jicho limekwenda nalo. Niliomba dua barabarani, bafuni, kwenye basi la barabara ya Stratford nikiwa nimebanwa na mikoba ya watu. Sikumwomba Mungu tena kaka atoke gerezani. Nilimwomba aone.

Ruhusa ikatoka. Jaji, si yule wa amri, mwingine, aliandika kwamba mwombaji amezungumza wazi juu ya makosa yake ya nyuma, na kwamba amri ile haikuwekwa kuzuia jambo kama hili. Na kilichomgusa zaidi kilikuwa kile nilichotaka kaka akifute: kwamba mhudumu wa afya wa gereza lenyewe ameonya juu ya upofu, ametajwa kwa jina, na gereza limejibu bila kukanusha. Gereza likatakiwa kueleza upesi ni lini mfungwa atafikishwa hospitali. Kabla hata kesi haijaanza, gari likapatikana. Askari wakapatikana. Pingu zikapatikana. Nilikasirika na kufurahi kwa pamoja, na sijui hisia ile inaitwaje.

Nilimpigia saluti kaka yangu kwa siri siku ile, peke yangu, nimesimama katikati ya jiko. Nilikuwa nimemfundisha ukali, nikidhani ndio unaotakiwa, na yeye akauchukua ukali wangu akauweka mbele, kisha akaongeza na ukweli wake ambao mimi ningeutupa. Kama angenisikiliza kwa yote, lile jina la nesi lisingekuwapo, na jaji angesoma malalamiko ya mtu wa kastadi. Nimeishi na watu wengi waliosoma, wenye vyeti ukutani. Mwenye subira ya kusema ukweli mzima, hata ule unaomwaibisha, namjua huyo mmoja.

Jicho la kushoto walilikuta limekufa. Daktari alisema hivyo bila kuzunguka. La kulia wakaliwahi. Wakalichoma sindano, kisha upasuaji wa kuitoa ile damu, akarudishwa gerezani kafungwa bandeji. Nilitaka ashtaki kwa ajili ya la kushoto. Sasa ni mimi niliyekuwa na homa ya kesi, ningeshtaki gereza, serikali, na dereva wa gari lao. Kaka akasema, "Ngoja kwanza nijue nina nini." Kila aliponipigia nikamwuliza kama anaona, na kila mara akajibu, "Njoo utajua." Mtu mgumu yule! Nikajua anaficha jambo baya, kwa sababu angeona angesema.

Nikaenda. Kwenye upekuzi askari wa kike aliniomba nilegeze ushungi, nikalegeza, nikaufunga tena kwa haraka bila kioo. Mlangoni mwa ukumbi nikaamua sitasema kitu. Sitamwamkia. Nilitaka kujua kweli yenyewe kabla sauti yangu haijamsaidia. Nikatembea katikati ya meza, polepole, na miguu yangu ilikuwa mizito kuliko baada ya kazi. Alikuwa ameketi mkono wa kulia, kizibao cha rangi kifuani, uso umeelekea kwetu sisi tunaoingia. Jicho lake likampita mwanamke wa kwanza. Likampita wa pili. Likanifikia, na likanipita na mimi.

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, kimya, machozi yameshanijaa, nikitafuta namna ya kuanza.

Akarudisha uso taratibu, akainamisha kichwa upande, akanitazama. Akanitazama muda mrefu, paji la uso amelikunja, kama fundi anayekagua ukuta. Kisha akanyoosha kidole mpaka karibu na paji langu, pale ushungi ulipokuwa umekaa vibaya na nywele zinachungulia, na akaniuliza kwa mshangao wa kweli, tena wa kunilaumu:

"We, una mvi! Tangu lini una mvi?"

Nikaangua kilio mle ndani, mbele ya wafungwa na askari wao na wake za watu, kwa furaha ya kuambiwa nimezeeka.